Nyundo Zisizopimwa: Mtetemo Unaoua Mashine za Kusaga Busia na Tororo

Mlio wa mashine ya kusaga husema mengi kwa aliyeuzoea. Ukigeuka mzito, mabati ya ukuta yakaanza kuitikia, na unga ukatoka wa moto hadi mama aache mdomo wa gunia wazi upoe kabla ya kulipakia kwenye bodaboda, ndani ya ngoma ya chuma mna hitilafu. Mara nyingi hitilafu hiyo iko kwenye nyundo. Mwenye mashine huisikia, hukaza bolti mbili tatu, kisha huendelea kusaga mpaka beringi ivunjike.

Hapa mpakani, kuanzia Bumala, Matayos na Nambale upande wa Kenya hadi Busia ya Uganda, Malaba, Nagongera na Tororo mjini, ni vigumu kufika kwenye kituo cha biashara ukose kisiagi. Unga wa pakiti upo madukani, lakini familia nyingi bado hula nafaka waliyoivuna wenyewe au kuinunua sokoni kwa gorogoro, wakaipeleka kusagwa kidogo kidogo. Kisiagi kikisimama siku mbili, wanakijiji hubeba magunia yao kilomita kadhaa hadi kituo kinachofuata, au watoto hungoja uji.

Na ugali wa huku si wa mahindi peke yake. Wateso, Wasamia, Wakhayo, Wamarachi na Wapadhola wamezoea kuchanganya mhogo mkavu na mtama au wimbi. Mhogo huo hukatwakatwa, ukaanikwa juani, mara nyingi kando ya barabara ya lami au juu ya mwamba, ukaokota mchanga na vijiwe. Chembe ya mchanga ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Ikiingia kwenye ngoma pamoja na mhogo, hula nyundo na chekeche kwa kasi ambayo mahindi yaliyopepetwa hayawezi kuifikia. Baadhi ya mashine hizo hupewa pia omena, ambao upande wa Uganda huitwa mukene, ili wasagwe kuwa chakula cha kuku. Nyundo za mpakani zina kazi ngumu. Ndiyo maana naona ni makosa kuzitunza kwa kubahatisha.

Tuifungue ngoma yenyewe. Katikati mna shafti iliyovikwa sahani nene za chuma. Sahani hizo zimepitishwa pini ndefu, kwa kawaida nne, na katika kila pini zimening'inizwa nyundo, vipande bapa vya chuma vyenye tundu, vikitenganishwa kwa bushi ndogo ili visigusane. Shafti ikitulia, nyundo hulala ovyo. Ikizunguka, zote hunyooka kuelekea nje. Punje inayodondoka kutoka juu hupigwa hewani, hurushwa ukutani, hurudi na kupigwa tena, mpaka ivunjike kiasi cha kupenya matundu ya chekeche. Chekeche la unga wa ugali huwa na matundu ya milimita moja hivi. La chakula cha mifugo huwa na ya milimita tatu au zaidi.

Mashine nyingi za aina hii huzunguka kati ya mara 2,500 na 4,000 kwa dakika. Tuchukue 3,000. Ikiwa ncha ya nyundo iko sentimita 20 kutoka katikati ya shafti, ncha hiyo hupita kwa mwendo wa kilomita 226 kwa saa. Ni kasi hiyo inayovunja punje. Chuma chenyewe hakihitaji kuwa na makali kama ya kisu, lakini pembe yake ya mbele lazima iwe imesimama. Pembe ikishavingirika, punje huteleza badala ya kupasuka. Huzunguka ndani mara nyingi zaidi, hujisugua, hupata joto, na injini hunywa dizeli kwa kazi isiyoonekana kwenye gunia. Unga uliotoka wa moto ukafungwa palepale hutoa jasho ndani ya mfuko, na unyevu huo ndio mwanzo wa ukungu.

Mashine ya kufyekea inayofungwa nyuma ya trekta, ile yenye visu vingi vinavyoning'inia kwenye bomba linalozunguka, imeundwa kwa kanuni hiihii. Katika viwanda vya sukari, miwa nayo huchanwachanwa na nyundo nzito zinazobembea kabla ya kukamuliwa. Kwa hiyo mwenye trekta anayefyeka kando za barabara, na fundi wa kiwanda cha miwa, na mwenye kisiagi kimoja sokoni Amukura, wana adui mmoja, yaani uzito usiolingana kwenye kitu kinachozunguka kwa kasi.

Hesabu yake inatisha, na ningependa kila mwenye mashine aijue. Gramu 10 zikizidi upande mmoja, zikiwa sentimita 20 kutoka katikati, kwa mizunguko 3,000 kwa dakika huvuta shafti kwa nguvu ya karibu nyutoni 200. Hiyo ni sawa na kuning'iniza kilo 20 kwenye shafti, zaidi kidogo ya debe la mahindi, na uzito huo unazunguka ukivuta juu, chini, kushoto na kulia mara 50 katika kila sekunde. Zikizidi gramu 30, mzigo ni kilo 60. Mizunguko ikiongezwa maradufu, nguvu hiyo haiongezeki mara mbili. Huongezeka mara nne. Anayebadilisha puli ili mashine ikimbie zaidi na kusaga haraka afikirie hilo kabla ya kufunga mkanda.

Mzigo wote huo hubebwa na beringi mbili. Wahandisi wana kanuni inayojulikana kote duniani: mzigo kwenye beringi ya gololi ukiongezeka mara mbili, umri wake hupungua hadi sehemu moja ya nane. Beringi ambayo ingedumu miaka miwili humalizika ndani ya miezi mitatu. Mwenye kisiagi hununua nyingine, hulaumu beringi za bandia, ambazo kweli zipo sokoni, lakini haangalii kilichoiua ile ya kwanza. Mtetemo haukomei hapo. Hulegeza nati, hupasua saruji ya msingi, hufanya mkanda uruke, hutoboa chekeche, na tundu la pini kwenye kila nyundo hugeuka kuwa la mviringo mrefu. Mwisho wake ni nyundo kukatika na kupasua chekeche au ngoma. Chumba cha kisiagi hujaa watu, na watoto hutumwa kusagisha kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani.

Uzito usiolingana huingia kwa njia za kawaida kabisa. Nyundo moja huvunjika kwa sababu ya nati au jiwe lililojificha kwenye mhogo. Fundi huitwa. Hukata kipande kipya, hukitoboa na kukifunga mahali pa kilichovunjika, na mashine hunguruma tena jioni hiyohiyo. Lakini nyundo mpya ina chuma chake chote, na iliyo ng'ambo yake, kwenye pini inayoikabili, imeliwa kwa miezi. Tofauti ya gramu 30 kati yao si jambo la ajabu. Fundi amerudisha idadi ya nyundo na wakati huohuo ameharibu ulinganifu. Njia nyingine ni kuchomelea. Nyundo zilizokwisha huongezewa chuma kwa rodi ya umeme, moja ikapata kingi, nyingine kidogo, kwa macho tu. Njia ya tatu husahaulika: mhogo usiokauka vizuri hufanya ukoko kwenye pini, nyundo ikanata na kukataa kunyooka. Hata ikiwa na uzito sawa na wenzake, iliyojikunja iko karibu na shafti kuliko pacha wake, na matokeo ni yaleyale.

Hapo kwenye neno pacha ndipo palipo na siri ya kazi. Kila nyundo ina pacha wake kwenye pini inayoikabili, katika nafasi ileile: ya kwanza kutoka kwenye puli kwa ya kwanza, ya tano kwa ya tano. Hao wawili ndio wanaopaswa kulingana. Jumla ya uzito wa pini nzima kulingana na jumla ya pini ya pili ni jambo jema, lakini halitoshi. Ukiweka nyundo nzito mwisho wa kulia wa pini moja, na nzito nyingine mwisho wa kushoto wa pini inayoikabili, jumla zitalingana kwenye karatasi na shafti itapepesuka vilevile, kichwa kimoja kikienda huku na kingine kule. Mafundi wengi wazuri wamekwama hapo, wakaapa kwamba wamepima.

Kazi yenyewe ni ya nusu siku. Zima injini, ungoje shafti isimame yenyewe, kwa maana chuma kile kizito huendelea kuzunguka kwa muda hata baada ya kelele kwisha, kisha uondoe mkanda kabisa. Kama mashine ni ya umeme, zima swichi kuu, na ufunguo au fyuzi abaki nayo anayeingiza mkono. Toa pini moja moja, na uzipange nyundo na bushi zake chini kwa utaratibu uliozitoa. Safisha kila nyundo kwa brashi ya waya mpaka ukoko wote utoke. Pima moja moja, andika uzito wake kwa chaki juu yake, kisha zipange kutoka nzito hadi nyepesi. Mbili zinazofanana zaidi ni pacha. Ziende pini zinazokabiliana, nafasi moja. Iliyozidi pacha wake kwa gramu chache ipunguzwe kwa grinda mwishoni kabisa, bila kuharibu pembe. Iliyo nyepesi mno kuliko zote itupwe pamoja na pacha wake, hata kama pacha bado ni mzima. Najua hilo linauma mfuko. Kuibakiza kunauma zaidi.

Pini nazo zikaguliwe. Iliyochimbika mitaro mahali nyundo zinapocheza ibadilishwe. Na kama mashine bado inatetemeka baada ya nyundo kulinganishwa, huenda kosa liko kwenye shafti na sahani zake. Itoe nzima, uilaze juu ya vyuma viwili vya pembe vilivyonyooka na kusawazishwa kwa pima maji, kisha uisukume kidogo. Ikisimama kila mara upande uleule ukiwa chini, upande huo ndio mzito. Jaribio hilo halihitaji umeme wala kompyuta, nalo linafaa pia kwa bomba la mashine ya kufyekea. Tahadhari moja kwa wenye mashine za kufyekea: vile vipande vidogo vya chuma vilivyochomelewa kwenye bomba hilo kiwandani vimewekwa kwa makusudi ya kulisawazisha. Asivikate mtu akidhani ni takataka.

Mizani ya kazi hii si ile iliyopo mlangoni mwa kisiagi. Ile hupima magunia na haioni gramu 10. Inatakiwa mizani ndogo, ya jikoni au ya sonara, na mpakani hapa hatuhitaji kwenda mbali kuiona. Wilaya ya Busia ya Uganda ina wachimbaji wadogo wa dhahabu, hasa maeneo ya Tiira, na popote inaponunuliwa dhahabu pana mizani inayosoma sehemu ya gramu. Mizani ya kusoma gramu moja moja yatosha kabisa kwa nyundo, na bei yake ni ndogo sana mbele ya bei ya beringi mbili.

Kuhusu kunoa, kuna desturi inayonisikitisha. Nyundo nyingi za kiwandani zina tundu kila mwisho, maana yake zina pembe nne za kufanyia kazi. Pembe ya kwanza ikivingirika, nyundo hugeuzwa uso. Kisha hugeuzwa kichwa chini, mpaka zote nne ziishe. Lakini nimeona nyundo zilizotupwa zikiwa na pembe mbili mpya ambazo hazijawahi kugusa punje. Mwenye mashine alilipia chuma chote akatumia nusu. Zigeuzwe zote kwa siku moja, si zile zinazoonekana mbaya tu. Baada ya hapo, pembe zinaweza kusimamishwa kwa grinda, polepole, kwa mguso mfupi mfupi. Chuma kikigeuka rangi ya samawati chini ya jiwe la grinda, ugumu wake umekwisha kutoka mahali hapo, na kitaliwa kwa wiki chache. Visu vya mashine ya kufyekea vina sharti hilohilo, pamoja na kufuata mwinamo uleule vilivyotoka nao kiwandani; kisu chembamba kama wembe hujikunja kwenye jiwe la kwanza.

Nyundo za mafundi wetu wa jua kali hutengenezwa mara nyingi kwa springi za malori. Barabara ya kutoka Mombasa hadi Kampala hupita hapa kwa njia mbili, Busia na Malaba, kwa hiyo springi zilizovunjika hazikosekani. Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu Januari 2022, mpaka ilipoifungua Mei, walioumia ni pamoja na mafundi wa aina hii. Chuma cha springi ni chaguo zuri, kwa sababu ni kigumu bila kuwa chepesi kuvunjika. Lakini uzuri huo hupotea kwenye moto. Fundi hukipasha mpaka kiwe chekundu ili akitoboe, kisha hukiacha kipoe polepole kikawa laini, au hukitumbukiza kwenye maji baridi kikawa kama kioo. Njia ya salama ni kukipasha mpaka sumaku isikikamate tena, kuongeza moto kidogo juu ya hapo, kukizamisha kwenye oili, kisha kukirudishia joto la wastani ili ukali wa ugumu upungue. Kuchomelea springi ikiwa baridi huiachia nyufa zisizoonekana karibu na mshono. Huko ndiko nyundo hukatikia.

Na sumaku hiyohiyo ina kazi nyingine, iliyo kubwa kuliko zote nilizotaja. Kila gramu inayopungua kwenye nyundo imekwenda mahali, na mahali penyewe ni ndani ya unga. Mashine iliyo sawa, yenye nyundo za chuma kinachofaa, hutoa vumbi dogo la chuma kwa muda mrefu. Inayotetemeka, ambayo nyundo zake hukwaruza chekeche na pini zake hujisaga zenyewe, hutoa vipande. Mama anaweza kujihakikishia nyumbani: aweke sumaku ya spika kuukuu ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki, aipitishe taratibu kwenye unga uliotandazwa kwenye ungo, kisha atazame kilichonata. Kikionekana kama manyoya meusi, aurudishe unga huo na amwonyeshe mwenye mashine. Ana haki hiyo. Unga huohuo ndio unaokorogewa uji wa mtoto wa miezi saba.

Tunajua kupima tukitaka. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, malori yakakwama, na baada ya siku chache yakaruhusiwa kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuonyesha kwamba sumu hiyo haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilichozinduliwa na marais wa nchi zote mbili Februari 2018 kimefupisha safari ya mizigo. Upande wa Kenya, sheria ya vipimo na mizani humtaka mfanyabiashara apeleke mizani yake ikaguliwe na kupigwa muhuri, ili mteja asipunjwe. Hayo yote ni mema. Lakini mahindi yaliyopimwa sumu kwa sehemu za bilioni huvuka, hufika kijijini, na kuingia kwenye ngoma ambayo hakuna aliyewahi kuitazama ndani isipokuwa siku ilipovunjika.

Hatuhitaji wizara mpya kwa hili. Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007 mahali palipokuwa na chuo cha taifa cha mitambo ya kilimo, kiko papa hapa, kwenye barabara itokayo Tororo kwenda Jinja. Kufundisha wahandisi wa mitambo ya kilimo ni kazi yake ya asili. Upande wa Kenya kuna vyuo vya ufundi vya kaunti vilivyojaa vijana wanaojifunza kuchomelea. Siku moja ya soko kwa mwezi, wanafunzi wa pande zote mbili wenye mizani ndogo, chaki na vyuma viwili vya pembe wangeweza kulinganisha nyundo za visiagi vya kituo kizima, nao wangejifunza kuliko wanavyojifunza ubaoni. Afisa wa vipimo anayekagua mizani ya mlangoni angeweza kubeba sumaku mfukoni. Na halmashauri inayotoa leseni ya kisiagi ingeweka sharti moja jepesi, kwamba pawe na sumaku pale nafaka inapoingia na nyingine pale unga unapotokea, na zifutwe kila siku.

Kwa mwenye mashine nina ombi. Kabla hujanunua beringi nyingine, nunua mizani ya gramu. Andika kwenye daftari tarehe uliyogeuza nyundo, uzito wa kila pacha, na magunia uliyosaga tangu siku hiyo. Usimruhusu fundi abadilishe nyundo moja peke yake, hata ukiwa na foleni mlangoni. Waambie kina mama wasubiri hadi kesho. Watanung'unika, lakini watarudi, kwa sababu unga wako hautakuwa wa moto wala hautakuwa na chuma.

Nawe unayesagisha, nenda na sumaku.